Pembe, mistari, na kipande kimoja cha fomula

Ramani ya Mercator ya 1569 hulinda pembe. Nahodha akishikilia uelekeo mmoja wa dira, njia yake huonekana imenyooka karatasini. Lakini njia fupi kabisa, yaani duara kuu, kwa kawaida hupinda humo. Ikweta na meridiani pekee ndizo zinazosalimika. Ramani ya gnomoni, inayotupa uso wa tufe kutoka kitovuni hadi kwenye bapa linaloligusa, hunyoosha kila duara kuu, ila pembe huharibika. Je, hakuna ramani ya kufanya yote mawili? Hakuna, na jibu limejificha mahali padogo sana.

Chukua metriki g, yaani kanuni ya kupima urefu na pembe kila mahali. Ukisahau urefu ukabakiza pembe, una muundo wa konfomu: g na e²ᶠg huhesabiwa kitu kimoja, f ikiwa namba inayoweza kubadilika mahali hadi mahali. Ukibakiza nyayo za jiodesiki tu (njia zilizonyooka kadiri g inavyoruhusu, kama duara kuu kwenye tufe), bila kujali zinapitwa kwa mwendo gani, una muundo wa projektivu.

Sasa badili g iwe e²ᶠg. Msafiri mwenye velositi v ataona mchapuko wake umeongezeka kwa

2df(v)v − g(v,v)u,

df(v) ikiwa kasi ya f kubadilika kuelekea v, g(v,v) urefu wa v uliozidishwa kwa wenyewe, na u gradienti ya f, yaani vekta ya badiliko la f. Kipande cha kwanza kimelala juu ya v yenyewe. Hubadili mwendo, hakigusi njia. Kesi yote iko kwenye cha pili. Ili njia zibaki zilezile, u lazima iwe sambamba na kila v ambayo g(v,v) yake si sifuri. Kuanzia vipimo 2, vekta moja haiwezi kuelekea pande mbili kwa mpigo, basi u ni sifuri na f haibadiliki. Ramani ile ya ndoto ingelifanya tufe kuwa bapa, tofauti ikiwa skeli tu, na Gauss alishaufunga mlango huo: mpindo wa tufe haufutiki bila kubadili uwiano wa urefu.

Mwanahisabati Hermann Weyl alilieleza hili mwaka 1921: pembe na njia kwa pamoja huibana metriki, ikabaki skeli tu. Mistari mitatu ya hesabu! Binafsi sijaona hoja fupi zaidi yenye uzito huu.

Katika muda-anga, yaani muda na anga vikihesabiwa pamoja kama katika nadharia ya Einstein, nuru ina g(v,v) = 0, kwa hiyo kipande kile cha pili hufa chenyewe. Ndiyo maana njia za nuru ni mali ya muundo wa konfomu, ilhali chembe zinazoanguka huru hutoa ule wa projektivu. Wanafizikia Ehlers, Pirani na Schild walianzia hapo mwaka 1972 kuijenga jiometria ya muda-anga.

Wengi huteleza hapa: Weyl alithibitisha upekee, si kuwapo. Ukiokota miundo miwili ovyo, huenda isitoke metriki yoyote. Hata ukidai njia za nuru ziwe miongoni mwa jiodesiki za chembe, unachopata ni muunganisho wa Weyl, kanuni ya kulinganisha vekta za mahali tofauti isiyolazimika kutoka kwenye metriki, ambamo saa mbili zilizoachana kisha zikakutana zinaweza kuendelea kupiga kwa kasi tofauti. Kulizuia hilo kunahitaji sharti la ziada, na nuru na chembe hazilitoi.