Kutoka meza hadi ngazi: njia ya seremala anayetaka kubuni majengo

Seremala wa Tanzania anayejitegemea na kutamani kubuni nyumba, namshauri asiruke hatua ya kati: samani zinazofungwa moja kwa moja kwenye nyumba. Kabati la ukutani ndilo litakalomfundisha kwamba ukuta haujanyooka.

Kwanza aijue mbao. Mninga uliozoea unyevu wa Dar es Salaam ukihamia Dodoma husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ndiyo maana uso wa meza uliogandishwa kwa gundi kwenye fremu hupasuka. Ushikilie kwa vipande vya mbao vinavyoteleza ndani ya mfereji wa fremu, upate nafasi ya kucheza. Ulimi wa kiungo, yaani ncha inayoingia kwenye tundu la ubao mwingine, uwe kama theluthi ya unene wa ubao. Ukizidi, kuta za tundu hubaki nyembamba na kuchanika.

Bei ndiyo huua karakana changa. Ubao wa inchi 2 kwa 4 ukipigwa randa haubaki 2 kwa 4, na ncha zilizopasuka hutupwa. Ongeza angalau robo juu ya mbao ulizohesabu, na malipo ya awali yatoshe vifaa vyote. Ukimnunulia mteja wa leo mbao kwa fedha ya mteja wa kesho, umeshakwama.

Kwenye kabati za jikoni, pima ukuta chini, katikati na juu, kisha fuata kipimo kidogo kuliko vyote. Kagua kama kona ni mraba: pima sm 60 huku, sm 80 kule, mshazari uje sm 100. Acha sm 1 kila upande, uzibe kwa ubao mwembamba uliochongwa kufuata ukuta.

Ngazi ndiyo mtihani wenyewe. Kimo cha kidato mara mbili, jumlisha kina cha kukanyagia, ije kati ya sm 60 na 64: kimo 17, kina 28, jumla 62. Kosa linaloangusha watu ni kusahau vigae. Sakafu ya chini ikipanda sm 3 baada ya ngazi kujengwa, kimo cha kwanza hubaki 14 na mguu hupotea.

Cheti cha useremala cha VETA hakikupi haki ya kujiita mbunifu majengo. Lazima usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na usajili huo unadai masomo ya fani yenyewe, kama yale ya Chuo Kikuu Ardhi. Kabla ya hapo, fanya kazi chini ya mbunifu aliyesajiliwa. Mpelekee michoro yako: kabati kwa skeli ya 1:20 (sm 1 ya karatasi ni sm 20 halisi), viungo kwa 1:5, vipimo vyote vimeandikwa. Picha za samani zilizong'arishwa hazimwonyeshi kama unajua kilichomo ndani.