Maneno ya Mkutano wa Wazazi: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Siasa za Shule Zetu Mombasa

Shule zikifunguliwa, habari zake huwa kila mahali Mombasa: kwenye matatu za Kisauni, kwenye feri ya Likoni, barazani baada ya swala ya alasiri. Cha kusikitisha ni kwamba ndani ya mkutano wenyewe wa wazazi, pale maamuzi yanapofanywa, wengi hunyamaza, na wachache wanaosimama husema kwa ghadhabu na kumlaumu asiyehusika. Mimi huongoza vikao vya wazazi. Kazi yangu ni kutoa nafasi ya kusema, kumkatisha mtu inapobidi, na kuhakikisha yaliyosemwa yameandikwa kama yalivyosemwa. Katika kazi hiyo nimeona ugomvi mwingi ukizaliwa na imani zisizo sahihi kuhusu shule ni ya nani, nani ana haki ya kusema, na mipaka ya kusema iko wapi.

“Gavana ndiye mwenye shule”

Hakuna dhana inayotupotezea muda kama hii. Mzazi anasimama kuuliza kwa nini darasa la mwanawe halina mwalimu wa hisabati, na kabla hajamaliza, ukumbi mzima umeshamgeukia gavana.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi waziwazi. Kaunti imepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto wadogo. Shule za msingi na za sekondari ni za serikali ya kitaifa. Walimu wa serikali huajiriwa, huhamishwa na huadhibiwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, iliyoundwa chini ya Kifungu cha 237. Bodi ya shule inaweza kumwajiri mwalimu wa kuziba pengo na kumlipa kwa pesa za shule, lakini haina uwezo wa kumfuta kazi mwalimu wa TSC, hata ukumbi mzima ukipiga kelele.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu, na siwalaumu. Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, pamoja na jina hilo, ni afisa wa Wizara ya Elimu. Hamjibu gavana. Vilevile ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, iwe ni ya Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu, ni ya wizara.

Basi kabla ya kunyoosha mkono, jiulize tatizo ni la nani. Paa la chekechea likivuja, hata kama darasa hilo limo ndani ya ua wa shule ya msingi, uliza kaunti. Basari ya kaunti ikichelewa, muulize MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi yenu, na usimpe nafasi ya kukwepa. Mwalimu akikosekana, andika TSC. Pesa zikikusanywa bila risiti, anza na mwalimu mkuu na bodi, kisha panda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

“Mkutano ukishakubali, kila mzazi lazima alipe”

Hapa ndipo watoto wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mambo huenda hivi. Mwalimu mkuu au mjumbe wa wazazi analeta pendekezo: pesa za chakula cha mchana, za masomo ya ziada, za motisha ya walimu, za ukuta. Mwenyekiti anauliza, “Tumekubaliana?” Mikono kadhaa inapanda, watu wanapiga makofi, na wiki inayofuata mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajalipa. Akienda kulalamika anaambiwa, “Lakini nyinyi wenyewe mlipitisha.”

Mkutano wa wazazi hauna mamlaka hayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema kuwa shule ya umma haimtozi mwanafunzi Mkenya ada ya kufundishwa. Kuhusu malipo mengineyo, chama cha wazazi kinaweza kuyajadili na kuyapendekeza. Idhini hutoka kwa Waziri wa Elimu baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Kifungu cha 29 kinaongeza mambo mawili ambayo ningependa kila mzazi ayahifadhi kichwani: mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa kushindwa kulipa malipo hayo, na hakuna ruhusa ya kukusanya pesa bila kutoa risiti rasmi. Masomo ya likizo nayo yamekatazwa na sheria hiyo hiyo, kwa hiyo pesa za masomo ya likizo hazina msingi hata mkipiga kura za siri.

Halafu tujiulize mikono iliyopanda ilikuwa ya nani. Mkutano ukiitwa asubuhi ya siku ya kazi, aliye kwenye shifti bandarini hayupo, anayefanya kazi hotelini Nyali hayupo, mama mwenye meza yake Kongowea hayupo. Ukiitwa Ijumaa saa sita mchana, umewafungia nje wanaume wengi wa Kiislamu. Kisha kutokuwepo kwao kunahesabiwa kuwa ni kukubali. Mwenyekiti mwadilifu hupanga saa ambayo watu wanaweza kufika, huhesabu mikono ya wanaokataa kama anavyohesabu ya wanaokubali, na huhakikisha idadi zote mbili zimeandikwa kwenye kumbukumbu.

“Bodi na chama cha wazazi ni watu wa mwalimu mkuu, sisi ni wasikilizaji tu”

Naelewa imani hii ilikotoka. Kuna shule ambako majina hutajwa yakiwa tayari yamepangwa, na wazazi huombwa kupiga makofi. Lakini sheria haikupanga hivyo. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi, bila kuomba wala kuteuliwa. Kamati yake huchaguliwa katika mkutano mkuu wa mwaka, ikiwa na mwakilishi wa kila darasa na walimu wawili. Mwenyekiti na wajumbe wawili wa kamati hiyo huingia kwenye bodi, ambayo tayari ina viti sita vya waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya eneo. Wazazi hawakosi viti; wanachokosa ni watu wa kusimama siku ya uchaguzi, kwa sababu wengi hawajui kwamba siku hiyo ndiyo siku yenyewe.

Mfadhili wa shule, liwe kanisa au jumuiya ya Kiislamu, ana viti vitatu. Hamiliki shule ya umma kwa sababu ya viti hivyo. Anatoa ushauri wa mambo ya kiroho, na sheria inamtaka alinde pia imani za wengine. Katika mji ambao shule zenye jina la mtakatifu zina madarasa yaliyojaa watoto wa Kiislamu, na kinyume chake pia, sharti hilo ni zito na linastahili kutajwa mkutanoni bila woga.

“Ukiikosoa shule utafungwa” na “Katiba imeniruhusu kusema lolote”

Nimeziweka pamoja kwa sababu huwa zimo ndani ya ukumbi mmoja. Mzazi mmoja ameingia akitetemeka, mwingine ameingia kutukana, na wote wawili wamekosea.

Tuanze na mwoga. Tarehe 6 Februari 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfungulia mtu mashtaka ya jinai kwa kukashifu, chini ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, ni kinyume cha Katiba. Kilichobaki ni kesi ya madai: anayesema amechafuliwa jina anaweza kudai fidia mahakamani, na lazima afungue kesi hiyo ndani ya miezi 12. Ukweli ni kinga. Maoni ya haki juu ya jambo linalohusu umma yana kinga. Lalamiko linalopelekwa kwa nia njema kwa ofisi yenye wajibu wa kulipokea lina kinga pia, mradi halikusukumwa na chuki.

Kwa hiyo mzazi anayesema, “Tulichanga pesa za madawati mwaka jana na sijaona madawati, naomba tuonyeshwe risiti,” hajamkosea mtu. Anayesema, “Mwalimu mkuu ni mwizi,” bila kushika hata karatasi moja, amejiweka hatarini yeye mwenyewe, na kibaya zaidi ameliharibu swali. Kuanzia hapo mkutano utajadili heshima ya mwalimu, na madawati yatasahaulika. Nimeliona hili likitokea mara nyingi, na huniuma, kwa sababu mara nyingi swali lilikuwa la kweli.

Sasa anayetukana. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza, lakini kinasema wazi kwamba uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala uhamasishaji wa chuki, na kwamba kila anayeutumia ataheshimu haki na sifa za wengine. Hapa Mombasa chuki hiyo ina sura tunayoijua sote. Mwalimu mkuu mpya anatumwa, na kabla hajafungua ofisi kuna anayesimama kusema huyu si wa hapa, arudi kwao bara. Au kinyume chake, kuna anayesema watu wa Pwani hawapendi shule, ndiyo maana matokeo ni haya. Mimi huyakatisha maneno hayo pale pale, na simwombi radhi mtu. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inahesabu matamshi ya kuchochea chuki ya kikabila au rangi kuwa kosa, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Hata pasingekuwa na sheria, ndani ya ukumbi huo huo kuna watoto wa walimu hao na wa wazazi hao, na Jumatatu watakaa dawati moja.

Kuna wanaodhani mwenyekiti akimkatisha mtu amevunja Katiba. Havunji, ikiwa kanuni imesomwa mwanzoni na inamhusu kila mmoja: zungumzia jambo, usizungumzie kabila wala dini ya mtu, na muda wako ni sawa na wa mwenzako. Anayeivunja haki ni mwenyekiti anayemkatisha mama wa Likoni kwenye dakika ya pili na kumwachia mheshimiwa aliyekuja kuomba kura nusu saa nzima.

“Nimemtaja mtoto kama mfano tu”

Usimtaje. Mimba ya msichana fulani, alama za mvulana fulani, aliyekamatwa na bangi: mtoto huyo hayupo kujitetea, na kufikia magharibi mtaa mzima umeshajua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na haina mchezo: mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Sema “kuna mwanafunzi wa gredi ya saba,” na hata hilo uliseme tu ikiwa darasa si dogo kiasi cha kumtambulisha. Yaliyobaki yazungumzwe ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

“Nikisema, mwanangu ndiye atakayelipa”

Sitawaambia wazazi kwamba hofu hii ni ya kubuni. Kuna watoto wanaonuniwa darasani kwa sababu ya ulimi wa mzazi. Hofu hiyo ndiyo iliyotufundisha kusema funika kombe mwanaharamu apite, na kombe likifunikwa kila muhula, uozo unaongezeka humo ndani. Zijue kinga za mwanao. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kimekataza adhabu ya viboko na unyanyasaji wa kiakili. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo hiyo kimekataza kumkaririsha mtoto darasa au kumfukuza shule kiholela. Hata mtovu wa nidhamu hafukuzwi kabla yeye na mzazi wake kusikilizwa. Na kuna njia inayopunguza hatari: msiende mmoja mmoja. Barua ya wazazi wa darasa zima, iliyosainiwa na kupelekwa na mwakilishi wao, haina mtoto mmoja wa kulipiziwa.

“Hesabu za shule ni siri ya ofisi”

Pesa za shule ya umma ni pesa za umma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza namna. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa hiyo mtu asikurudishe kwa sababu ya lugha. Asiyejua kuandika lazima asaidiwe na afisa husika. Hulazimiki kueleza kwa nini unataka habari hizo. Kuwasilisha ombi ni bure, ingawa unaweza kulipia gharama ya kutoa nakala.

Andika unachotaka kwa kutaja jambo mahususi: mapato na matumizi ya pesa za chakula kwa muhula fulani, au kumbukumbu za mkutano uliopitisha mchango fulani. Ombi la “hesabu zote” ni rahisi kuwekwa kando. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu kuanzia tarehe hiyo shule ina siku 21 za kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, peleka lalamiko lako ndani ya siku 30 kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman, ukiambatanisha nakala hiyo yenye muhuri.