Ukipanda Kericho hulikaribii jua: dhana potofu kuhusu hewa na mvua ya magharibi mwa Kenya

"Milimani ndiko karibu na jua, kwa hiyo kungepaswa kuwa na joto zaidi." Jua liko umbali wa takriban kilomita milioni 150. Ukitoka Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, ukapanda hadi Kericho kwenye mita zipatazo 2,100, umelisogelea kwa kilomita moja tu. Miale ya jua hupita hewani bila kuipasha joto sana. Inayopata moto ni ardhi, nayo huipasha hewa kutoka chini, kama jiko linavyopasha sufuria. Hewa ikipanda hukuta mgandamizo mdogo, hutanuka, na katika kutanuka hupoa. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila kilomita ya kwenda juu. Ndiyo sababu Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, huwa na ubaridi wa nyuzi nne au tano kuliko Kisumu, ingawa miji yote miwili iko hatua chache kusini mwa ikweta.

Mgandamizo huohuo mdogo ndio unaochelewesha githeri, kwani hufanya maji yachemke kabla ya kufika nyuzi 100. Maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi Kisumu, 94 Nakuru, na 91 ukifika Timboroa, juu zaidi milimani. Kuongeza kuni hakupandishi joto la maji ambayo tayari yanatokota, yatakauka upesi tu. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, funika sufuria vizuri, au tumia sufuria ya presha, ambayo kazi yake ni kurudisha ule mgandamizo ulioukosa.

"Mvua ya mawe hunyesha kukiwa na baridi." Hapa watu wengi hukosea, na wakulima wa chai ndio wanaoumia. Mawe hayo hutengenezwa alasiri baada ya asubuhi yenye jua kali, kwa sababu panahitajika hewa inayopanda kwa nguvu ya kuyashikilia matone juu hadi yagande. Katika eneo letu la ikweta, hewa hufikia kiwango cha kuganda kwenye mita 4,800 hivi. Jiwe likianza kuyeyuka hapo, litapita kilomita 2.7 tu za hewa yenye joto kabla ya kugonga majani ya chai Kericho. Likielekea Kisumu lina kilomita 3.7 za kupita, tena hewa ya chini huko ni moto zaidi, na mara nyingi hufika likiwa tone kubwa la maji. Wingu linaweza kuwa lilelile, lakini shamba moja limechanwachanwa na jingine limenyweshwa.

"Anga ni jeupe, kwa hiyo hakuna mafuriko." Dhana hii ni hatari sana Ahero na Budalangi. Maji ya Mto Nyando, unaopita Ahero katika uwanda wa Kano, hutoka milima ya Nandi na Kericho. Ya Nzoia, unaopita Budalangi, hutoka Cherangani na Mlima Elgon. Jua linaweza kuwaka uwanda wa Kano huku maji ya mvua iliyonyesha milimani jana yakiwa njiani. Anayeishi kando ya mto aulize kumenyesha kiasi gani kule juu. Dalili nyingine ni maji kugeuka ghafla kuwa na tope na kuleta vijiti na majani: hapo hamisha watu na mifugo kabla ya kingo kufurika.

"Ziwa likiwa shwari jioni, usiku utakuwa salama." Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani, ukapanda kuelekea Nandi na Kisii, na kati ya saa nane na saa kumi na mbili jioni mawingu ya radi yakajengeka huko. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji ya Ziwa Victoria hubaki na joto, na upepo kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa. Hewa haina pa kwenda ila juu. Kwa hiyo dhoruba nyingi za katikati ya ziwa huja kati ya usiku wa manane na asubuhi, saa zilezile wavuvi wa omena wako kazini na taa zao. Upepo wa baridi wa ghafla kutoka upande wa wingu hutangulia mvua kwa dakika chache. Ukiusikia, muda wa kuvuta nyavu umekwisha. Jaketi la kuokolea linafaa kuwa limevaliwa tangu ufukweni.

Kuhusu radi, imani ni nyingi: nguo nyekundu, kioo kisichofunikwa, adui aliyeituma. Radi haijui rangi wala jina la mtu. Chaji za umeme hutengana ndani ya wingu barafu zinapogongana, kisha hutafuta njia ya kufika ardhini, mara nyingi kupitia kitu kirefu au kilichosimama peke yake. Ng'ombe huuawa wengi kwa pamoja chini ya mti kwa sababu mkondo husambaa ardhini, ukaingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine. Kumshutumu jirani kwa kifo cha namna hiyo ni dhuluma juu ya msiba.

Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, ugawanye kwa tatu, upate kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, ingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa (bodi ya chuma ndiyo inayokinga, si matairi), na usitoke hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa habaki na umeme mwilini, kwa hiyo mguse bila hofu. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

"Kila mvua kubwa ni El Niño." El Niño ni maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta kupata joto kuliko kawaida. Mvua ya 1997 ilikuwa hivyo. Lakini ile ya Oktoba hadi Desemba 2019 ilikuja bila El Niño yenye nguvu: Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilikuwa na joto kupita upande wa Indonesia, na unyevu ukasukumwa kwetu. Mwaka uliofuata Ziwa Victoria likajaa kupita kiasi. Tena El Niño hugusa zaidi mvua za vuli; kwa masika ya Machi hadi Mei uhusiano ni hafifu.

Na "milimita 20 ni mvua kidogo"? Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Paa la mabati la mita sita kwa nane hupokea lita 960 kwa mvua hiyo; ukitoa zinazomwagika na kurukia nje ya mfereji, zaidi ya lita 750 huingia tangini.