Mashairi ya Wayahudi wa Salonika, anza kuyasoma kama umbea wa mtaa

Kwenye vipindi vyetu vya makumbusho kuna swali haliishi: mashairi ya Wayahudi si ni vilio vya vita tu? Vilio vimo, tena vingi, ila ukianzia hapo utakua umeruka mji mzima.

Tuchukue Thessaloniki kule Ugiriki, wenyewe walikua wanaiita Salonika. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania, wengi wakaja hapa chini ya utawala wa Waosmani, yaani dola ya Waturuki, na Kihispania chao wakaja nacho, kikakaa miaka zaidi ya 400 kikaokota Kituruki, Kiebrania, Kigiriki na kila kilichopita bandarini, ndo tukapata Kiladino. Na walikua wengi kweli, Jumamosi bandari ilikua inafungwa maana makuli wenyewe wako sabato, we ngoja na meli yako.

Huko mitaani ndo kulikua na kompla. Ni ubeti mfupi wa mistari minne wenye vina, unaimbwa, hasa Purimu, sikukuu ya furaha ya Wayahudi, watu wanakula wanakunywa wanataniana. Sisi wa utenzi tunashika haraka, vipande vinne tunavijua, ila kompla haina haja ya hadithi ndefu, ubeti mmoja unaweza kusimama peke yake ukamsema bi harusi na mahari yake, unaofuata ukahamia kwa wasichana wanaotaka kuvaa kisasa. Umbea, lakini wenye vina!

Bouena Sarfatty alizaliwa huko 1916. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani wameukalia mji, akajiunga na wapiganaji wa msituni, baadae akaishia Montreal, Kanada, na ameacha mamia ya kompla kuhusu Salonika, za maisha ya kawaida na za vita pia. Mimi hapo ndo huwa nasimama, maana chombo kilichozoea utani wa sikukuu amekipa kazi ya kubeba msiba, na hakubadilisha kipimo.

Msiba wenyewe ulienda hivi. Julai 1942 wanaume wa Kiyahudi kama 9,000 walikusanywa na Wajerumani juani uwanja wa Eleftherias, jina lake maana yake uhuru, wakapigwa na kudhalilishwa mchana kweupe. Desemba makaburi yao ya karne na karne yakaanza kubomolewa, mawe yenye majina yakaenda kujengea kuta na ngazi, na juu ya eneo lile leo kuna Chuo Kikuu cha Aristotle. Machi 15, 1943 treni ya kwanza ikaondoka kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi kule Poland, na ndani ya miezi michache zaidi ya watu 40,000 wakawa wamepelekwa, wengi wao waliuawa palepale walipofika. Kwahiyo ukikuta kwenye ubeti jina la mtu au la mtaa usilipite haraka, jiwe lake huenda liko kwenye ukuta wa mtu.

Mwingine ni Moshe Ha-Elion, wa 1925, alipelekwa Auschwitz akatoka hai, dada yake hakutoka, akamwandikia shairi kwa Kiladino. Uzeeni akachukua Odisea, ule utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, wa baharia anayehangaika miaka 10 akitafuta njia ya kurudi kwao, akautafsiri kwa Kiladino hichohicho cha nyumbani.