Redio Ile Ile, Jina Jingine

Kituo cha redio kikibadili jina, wasikilizaji huuliza kwanza: "Kimekufa?" Jibu hutegemea ni kipi kilichobadilika, maana mmiliki, leseni, masafa na vipindi si kitu kimoja, na si lazima viondoke pamoja. Jina ndilo jepesi kuliko vyote kubadilisha, na kwa bahati mbaya ndilo tunalolitazama zaidi.

Chukua redio ya taifa ya Tanzania. Ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ikirusha matangazo kutoka chumba kidogo cha darini Kariakoo. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, maarufu kwa herufi za jina lake la Kiingereza, TBC. Mwaka 1965 serikali ililivunja shirika hilo na kuiweka redio moja kwa moja chini ya wizara, na hapo ndipo tulipopata Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, jina ambalo wazee wengi hawajaliacha hadi leo. Mwaka 2002 redio iliunganishwa na Televisheni ya Taifa, ikaitwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania. Mwaka 2007 zikarudi herufi zile zile, TBC, ila safari hii T ni ya Tanzania.

Jirani zetu walipita njia hiyo hiyo. KBC, shirika la utangazaji la Kenya, ilitaifishwa mwaka 1964 ikawa Sauti ya Kenya, kisha mwaka 1989 ikarudi kuwa KBC.

Herufi hizo hazikurudi kwa bahati. Zinafuata sura ya kisheria. Redio ikiwa idara ya wizara, mtangazaji ni mtumishi wa serikali na bajeti ni ya wizara. Ikiwa shirika, panakuwa na bodi, na shirika huwajibika kwa sheria iliyoliunda. Kwa maoni yangu, badiliko la 1965 ndilo lililokuwa zito kuliko yote, kwani liliifanya redio kuwa chombo cha kujenga taifa changa. Bila hilo ni vigumu kufikiria kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya wanavijiji kuzunguka redio wajifunze pamoja kuchimba vyoo na kujikinga na malaria, au wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kupewa nafasi ya kusema na watu wao kupitia Dar es Salaam.

Kwa vituo vya binafsi, vilivyoruhusiwa Tanzania kwa sheria ya 1993, msukumo mkubwa ni matangazo ya biashara. Masafa mazuri mjini ni machache, hivyo kituo kinachodorora bado kina thamani. Mmiliki hubadili muziki, lugha au watangazaji ili apate wasikilizaji wa rika lingine, au huuza hisa. Tanzania mauzo hayo hayaishii kwa muuzaji na mnunuzi, bali yanahitaji ridhaa ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Nairobi, Nation FM ilianza 1999, ikageuzwa Easy FM, ikarudishiwa jina la kwanza, na mwaka 2016 ikazimwa pamoja na QFM, redio nyingine ya mmiliki yule yule.

Kinachotuuma sisi tunaotunza kumbukumbu za sauti ni kanda. Mkataba wa mauzo hutaja mnara, mitambo na madeni, lakini mara nyingi haisemwi rekodi za zamani ni za nani. Mwenye kituo anayesoma haya na aandike sasa kwenye kila kanda tarehe, kipindi, waliosikika, na jina la kituo kama lilivyokuwa siku hiyo, asilisahihishe kwa jina la leo. Hata bendi hubadili majina zikifuata wamiliki wake: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika ikawa JUWATA, kisha OTTU, hatimaye Msondo Ngoma. Anayetafuta wimbo wao wa miaka ya 1960 kwa jina la Msondo hataukuta, na kanda ipo rafuni mbele yake.