Wharram Percy haikuuawa na tauni

Ukifika Wharram Percy, kijiji kilichohamwa huko Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, utakuta kanisa lisilo na paa na matuta ya nyasi yanayoonyesha misingi ya nyumba. Wengi hudai papo hapo kwamba tauni ya 1348 na 1349 ilikifuta kijiji. Dai hilo linasisimua, lakini si kweli.

Tauni iliua watu, hilo halina ubishi. Ila kijiji kiliendelea kukaliwa kwa zaidi ya karne moja baadaye. Kilichokimaliza ni kondoo: sufu yao ilikuwa na faida kuliko nafaka, na mchungaji mmoja alitosha pale palipohitaji wakulima wengi. Kufikia mwaka 1500 hivi, mwenye ardhi alikuwa akiwafukuza wapangaji wa mwisho. Hakuna ugonjwa hapo, ni hesabu tu.

Tunajua haya kwa sababu mwanahistoria Maurice Beresford na mwanaakiolojia John Hurst waliongoza uchimbaji wa mabaki ya kale uliodumu kuanzia 1950 hadi 1990. Mifupa ya makaburini, karibu watu 700, inaeleza mengi kuliko hati za kodi. Watoto walinyonya kwa takriban miezi 18. Kisha maisha yaliwabana: kijana wa miaka 14 alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka 10 wa leo. Hata hivyo hawakuwa wamejitenga na dunia, maana mabaki ya samaki wa baharini yamepatikana vilimani humo.

Kanisa lenyewe liliendelea kutumika hadi karne ya 20, likihudumia vijiji jirani.