Je, wajua kwa nini mtoto wa chekechea hachoki kutegewa kitendawili kile kile?

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nyumba yangu haina mlango."

Mpwa wangu wa miaka minne nilimtegea hiki kibarazani, umeme ulipokatika. Akafikiri kidogo, akajibu: "Ile ya jirani, mlango wameutoa kuupaka rangi." Nikamwambia hapana, fikiri tena. Nikamwongezea vidokezo: nyeupe, huliwa asubuhi. Akaanza kununa. Nilipomwambia ni yai, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akadai: "Mjomba, tega tena!" Kile kile. Kesho yake pia, na keshokutwa.

Kwa miaka mingi niliamini kitendawili ni mtihani wa akili: ukimpa mtoto jibu mapema umemharibia, na akishalijua, kitendawili hicho kimekwisha kazi. Nilikosea yote mawili.

Vitazame vyenyewe. "Kuku wangu katagia miibani" ni nanasi. "Popoo mbili zavuka mto" ni macho. Nani anaanza na popoo, akapiga hesabu mpaka akafika kwenye macho? Anayejua anajua kwa sababu aliwahi kuambiwa. Vipo vinavyoteguka kwa kufikiri, kama "Kila niendapo ananifuata", ambacho mtoto aliyesimama juani anaweza kukitegua kwa kutazama kivuli chake. Lakini vingi hurithishwa pamoja na majibu yake, na mchezo wenyewe umeliwekea jambo hilo nafasi. Aliyeshindwa haaibishwi, anaombwa mji. "Nipe mji." "Nakupa Tanga." Basi mtegaji anakwenda Tanga, anakula, anakunywa, anapokewa na watu wa huko, ndipo anarudi na jibu. Mimi nilikuwa nimeiruka safari hiyo nzima nikaweka vidokezo mahali pake, na mtoto akanuna.

Sasa, kwa nini anataka kurudiwa? Chukua khanga mbili za nakshi moja, moja nyekundu, nyingine ya buluu. Pindo ni lile lile, mji wa katikati ni ule ule (naam, nako huitwa mji), maneno ni yale yale. Muulize mtoto mdogo kama zinafanana, huenda akakwambia hapana, hii nyekundu. Rangi imemjaa machoni. Ili aione nakshi, zitandaze zote mbili, moja kando ya nyingine, umwoneshe kidole kwa kidole: ua hili hapa, na hapa, pindo hili hapa, na hapa.

Nyumba na yai ni khanga za namna hiyo. Rangi zimeachana mbali: moja ina bati na watu, nyingine inatoka kwa kuku. Nakshi ni moja: ukuta umezunguka pande zote, ndani kuna kitu, pa kupita hapana. Unapomficha mtoto jibu umempa khanga moja tu, halafu unamtaka ataje nyingine iliyofanana nayo. Ukimpa jibu, zote mbili ziko mbele yake. Na kila anaposema "tega tena" anazitandaza upya, na safari hii anaona kilichompita jana.

Mwaka 1988 mwanasaikolojia Dedre Gentner wa Marekani alichapisha utafiti ambamo watu wa rika mbalimbali walieleza mifano kama "wingu ni kama sponji". Watoto wadogo waliegemea sura: vyote vya mviringo, vyote laini. Wakubwa walitaja kazi: vyote hubeba maji, kisha huyatoa. Wale walikuwa watoto wa huko, kwa hiyo umri wao usiufanye kipimo cha mtoto wako. Tena mtoto anayeokota mayai bandani kila asubuhi analijua yai kuliko anayeliona kwenye sahani, na huenda akaikuta nakshi mapema.

Baada ya wiki kadhaa zamu ikageuka, akawa mtegaji yeye.

"Nyumba yangu haina mlango."
"Yai."
"Siyo!"
Nikampa Tanga. Akaenda, akala wali wa samaki, akarudi.
"Nazi, mjomba. Maji yamo ndani na hayana pa kutokea."